Kulipia mapishi ya mtandaoni: ni elimu au ni israfu?

Ilikuwa siku za mwanzo za mwezi wa Shaaban, baada ya swala ya Isha, pale simu ilipolia kuashiria ujumbe. Fedha zilikuwa zimekatwa: dola 40 za Kimarekani, ada ya mwaka mzima ya tovuti moja ya mapishi. Kwa kiwango tulichotozwa siku ile, Sh 2,600 kwa dola moja, zilikuwa Sh 104,000. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameagiza malipo hayo usiku ule. Yalijiagiza yenyewe, kwa kuwa mwaka mmoja nyuma tulikuwa tumekubali, bila kusoma vizuri, kwamba usajili wetu utajihuisha kila mwaka mpaka tutakapousitisha.

Fedha hizo kwetu zilikuwa na kazi yake. Tulikuwa tumekwisha kuzigawa: nusu kwa tende, mchele na nazi za kuanzia Ramadhani, na nusu kwa kikapu cha futari ambacho kila mwaka tunampelekea mama mmoja mjane wa mtaani petu. Mmoja wetu akauliza kwa sauti iliyozidi kipimo, “Mama, kwani nyumba hii hamjui kupika mpaka mlipie kufundishwa?” Mwingine akajibu, “Na wewe Baba, ule mkate uliokuwa ukiwasifia wageni ulidhani umetoka wapi?” Binti yetu, ambaye ndiye aliyeomba tulipie tovuti ile alipomaliza shule, hakusema neno. Aliinuka akaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Makala hii tunaiandika sisi wawili, mume na mke, baada ya kulala na kuamka na jambo hilo. Asubuhi tuligundua kuwa hakuna kati yetu aliyekuwa na hesabu. Mmoja alikuwa na hasira na mwingine alikuwa na aibu, na viwili hivyo havipangi matumizi ya nyumba. Tukaona ni heri tulitazame swali lenyewe kwa utulivu: je, familia ya Kiislamu yenye kipato cha kawaida inapolipia jarida au tovuti ya mapishi, inanunua elimu au inaingia katika israfu? Tunaamini swali hili si letu peke yetu, hasa katika miezi hii ambayo kila simu hufunguka na picha ya futari iliyopambwa.

Upishi ni elimu

Tuanze kwa kuondoa dharau. Wapo wanaosema kuwa upishi haufundishwi kwa maandishi, bali mtoto huupata kwa kukaa karibu na mama yake. Maneno hayo yana ukweli, lakini si ukweli wote. Mwaka 1226, sawa na mwaka 623 Hijria, Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi aliandika mjini Baghdad kitabu cha mapishi kinachojulikana kwa jina la Kitab al-Tabikh. Mwanzoni mwa kitabu hicho anazigawa starehe za dunia katika mafungu sita na kukitanguliza chakula mbele ya zote. Miaka 32 baadaye, mwaka 1258, Wamongolia waliuteka mji huo na kuuharibu. Majiko ya Baghdad ya zama zile hayapo tena, wala wapishi wake hawapo, lakini namna walivyopika nyama, mchele na halua bado inasomwa, kwa sababu mtu mmoja aliona kuwa jambo hilo linastahili wino. Tunamwomba msomaji auweke akilini mfano huu, kwani tutaurudia.

Dini yetu nayo haikukiharamisha chakula kizuri. Katika Surat al-A'raf, aya ya 31, ruhusa ya kula na kunywa imefuatana na katazo la israfu. Surat al-Furqan, aya ya 67, inawasifu waja ambao matumizi yao husimama katikati, baina ya ubadhirifu na ubakhili. Fundi cherehani hulipwa kwa kufundisha kukata nguo, na hakuna anayemlaumu mwanafunzi wake kwa kulipa. Vivyo hivyo, anayelipa ili ajifunze kupika hana la kulaumiwa kwa kulipa kwake. La kuangaliwa ni kama kile alicholipia kinafika chunguni, na chunguni kinafika sahanini.

Anayelipa ananunua nini?

Mapishi ya bure yamejaa. Ukiandika neno “pilau” katika simu, utaletewa mapishi mengi kuliko muda wa kuyasoma. Hata sheria inachangia hali hiyo: nchini Marekani, orodha tupu ya mahitaji ya pishi hailindwi na hakimiliki, kinacholindwa ni maelezo ya mwandishi, picha zake na namna alivyoipanga kazi yake. Ndiyo maana pishi lile lile hukutana nalo katika tovuti kumi. Sasa ikiwa viungo ni vile vile, anayelipa ananunua nini?

Jibu tulilolipata ni hili: ananunua majaribio. Kwa miaka mingi majarida ya mapishi ya nchi za Magharibi yaliishi kwa matangazo ya biashara zaidi kuliko kwa fedha za wasomaji. Jarida la Gourmet, lililoanzishwa Marekani mwaka 1941, lilifungwa mwaka 2009 baada ya mapato ya matangazo kuporomoka. Jarida la Cook's Illustrated, lililoanzishwa mwaka 1993 na Christopher Kimball, lilichagua njia nyingine. Halikuchapisha matangazo, likategemea fedha za wasomaji wake, na wapishi wake wakajulikana kwa kulirudia pishi moja mara nyingi, wakibadilisha jambo moja kila mara, mpaka wafahamu kwa nini linafaulu na kwa nini linaharibika. Gazeti la The New York Times nalo lilianza kutoza ada kwa tovuti yake ya mapishi mwaka 2017. Kwa upande mwingine, jarida la Good Food, lililoanzishwa na BBC ya Uingereza mwaka 1989, limekuwa na tovuti ambayo mapishi yake mengi husomwa bila malipo, nayo ni mapishi yaliyojaribiwa.

Kwa hiyo si kweli kwamba kila cha bure ni kibovu, wala kwamba kila cha kulipia ni kizuri. Lakini tukubali pia kuwa pishi la bure likiharibika linatoza bei yake. Keki iliyobonyea imekula mayai sita, siagi, sukari, unga na gesi, na hakuna anayekurudishia. Ikiwa ada ya miezi michache itakuepusha na keki mbili au tatu za namna hiyo, ada hiyo imekwisha kujilipa. Hili ni kweli zaidi kwa yule anayepika kwa biashara, anayechukua oda za keki na mikate ya sherehe. Kwake yeye elimu iliyojaribiwa ni mtaji, sawa na mzani na sufuria.

Jiko lao na jiko letu

Kuna hesabu nyingine ambayo haimo katika bei. Mapishi hayo huandikwa kwa ajili ya jiko fulani, na mara nyingi jiko hilo si letu.

Chukua vipimo. Kikombe cha mapishi ya Kimarekani ni takriban mililita 237, ilhali kikombe cha kupimia kinachotumika katika nchi nyingine ni mililita 250, na kikombe cha chai kilichopo kabatini kwetu hakina ahadi na yeyote. Unga ukichotwa kwa kikombe unaweza kuwa gramu 120 au gramu 150, kutegemea kama umemiminwa taratibu au umeshindiliwa. Tofauti hiyo yatosha kuugeuza mkate laini kuwa tofali. Joto la oveni huandikwa kwa Farenihaiti: 350 za kwao ni takriban 177 za Selsiasi. “Kipande” cha siagi kinachotajwa na Wamarekani ni gramu 113, wala si pakiti nzima ya dukani kwetu. Wenye kuokea kwa makaa juu na chini ya sufuria hawana namba yoyote ya kusoma. Inawalazimu watafsiri kwa mkono na pua.

Kisha kuna jambo lililo kubwa zaidi kwetu, nalo ni halali na haramu. Mapishi hayo hayakuandikwa kwa kumzingatia Muislamu. Binti yetu alikaribia kutuwekea kuku wa “Marsala” akidhani ni kuku wa masala, kwa kuwa maneno hayo yanafanana kama mapacha. Marsala ni divai ya Sicily, kusini mwa Italia. “Mirin” ya mapishi ya Kijapani ni kilevi kitamu cha mchele. “Sherry” na “kirsch” ni vileo, na “lard” ni mafuta ya nguruwe. Jelatini ya kugandishia vitamutamu huweza kutoka kwa nguruwe au kwa mnyama asiyechinjwa kisheria, hivyo ni lazima kusoma pakiti, au kutumia agari inayotokana na mwani. Hata arki ya vanila ina habari yake: kwa kanuni za Marekani, ile inayouzwa kwa jina la arki safi lazima iwe na alkoholi isiyopungua asilimia 35. Hukumu ya kiasi kidogo kinachotiwa katika keki wanazuoni wameizungumza, na kila familia imuulize sheikh inayemwamini. Sisi tulichagua kubaki na vanila ya unga na iliki, na keki haikulalamika.

Tunayasema haya kwa sababu binti au kijana anayeachiwa simu na ada iliyolipwa anahitaji pia mtu wa kusoma naye. Mzazi aliyelipia tovuti bila kukaa na mwanawe kuipitia amefanya nusu ya kazi.

Hesabu ya sahani

Siku ya pili yake tulimwita binti yetu, tukamtaka radhi kwa maneno ya usiku ule, kisha tukamuuliza: katika mwaka mzima umepika nini kutoka katika tovuti ile? Tulitegemea atafungua simu. Badala yake alitoa daftari la shule lenye madoa ya mafuta. Kila alichopika alikuwa amekiandika na tarehe yake.

Katika simu alikuwa amehifadhi mapishi 214 ya “kuja kupika baadaye”. Katika daftari, mapishi aliyoyapika yalikuwa 13. Kati ya hayo, 10 yalipikwa mara moja tu: mengine kwa sababu mahitaji yake ni ghali, mengine kwa sababu watoto waliyasukuma sahani pembeni. Matatu ndiyo yaliyobaki nyumbani: mkate wa maziwa, supu ya dengu yenye bizari na ndimu, na keki ya machungwa. Hayo matatu yalikuwa yamepikwa mara 55.

Tukafanya hesabu mezani, wote watatu. Ada ya mwaka wa kwanza ilikuwa dola 40 vile vile, na kwa wepesi tulitumia kiwango kile kile cha fedha. Sh 104,000 zikigawanywa kwa mapishi 13, kila pishi jipya lilitugharimu Sh 8,000. Zikigawanywa kwa mara zote 65 ambazo chakula kilifika mezani, ni Sh 1,600 kwa kila mara. Kwa hesabu hiyo, yule aliyepandisha sauti usiku alilazimika kuishusha. Mwaka wa kwanza haukuwa israfu. Mkate ule wa maziwa ulikuwa umetuondolea mikate ya dukani ya Ijumaa nyingi, na katika nusu ya pili ya mwaka binti alikwisha kupata oda kadhaa za majirani.

Lakini daftari lilikuwa na tarehe, na tarehe zilisema jambo jingine. Mapishi yote 13 yalikuwa yamepikwa kwa mara ya kwanza ndani ya miezi minne ya mwanzo. Tangu hapo halikuingia pishi jipya hata moja. Miezi minane tulikuwa tukilipia mlango ambao hakuna aliyekuwa akiufungua, na sasa tulikuwa tumelipia miezi mingine kumi na miwili. Yule aliyekuwa na aibu naye akakiri.

Hapa ndipo tulipoona mpaka wa elimu na israfu katika jambo hili. Ada ya kwanza tuliilipa kwa sababu ya haja iliyokuwa wazi, nayo ikaleta matunda. Ada ya pili iliendeshwa na mazoea, na mazoea hayana haja. Orodha ya mapishi 214 nayo ilikuwa funzo: kuhifadhi pishi kunaipa nafsi hisia ya kuwa imepika, ilhali hata maji hayajabandikwa jikoni.

Bibi na mizani

Katikati ya Shaaban bibi alivuka kutoka Unguja kuja kukaa nasi. Yeye ni mama mzazi wa mmoja wetu, na kila mwaka huja na nazi zake na kifumbu chake, kana kwamba Dar es Salaam hakuna vifumbu. Kwa bibi, Ramadhani haijaingia mpaka mkate wa kumimina umeiva.

Binti alikuwa ameutafuta mkate huo katika tovuti tuliyoilipia, na hakuuona. Palikuwa na mikate ya nchi nyingi, lakini wa mchele na tui la nazi wa pwani yetu haukuwamo. Akamfuata bibi jikoni. “Shikamoo bibi, leo nataka nikuandike.” Bibi akaitikia marahaba, akacheka, akasema hana cha kuandikwa.

“Sukari unatia kiasi gani, bibi?”

“Mpaka mkono ukwambie, mjukuu wangu.”

Binti hakubishana naye. Alichukua mzani mdogo aliounua kwa fedha za oda zake, akaweka bakuli juu yake, akamwomba bibi kila anachotaka kukitia akipitishe kwanza hapo. Bibi alichota kwa mkono kama anavyochota siku zote, na binti akasoma namba. Mchele uliokuwa umelala majini usiku kucha ulikuwa umepimwa kabla ya kurowekwa: gramu 500. Tui zito lililosagwa nao katika blenda: mililita 400. Hamira kijiko kimoja cha chai. Iliki kumi na mbili zilizotwangwa. Sukari, kile ambacho mkono ulikuwa ukikijua peke yake, ilitoka gramu 200, nayo ilitiwa baada ya mchanganyiko kuumuka, pamoja na ute wa yai moja. Binti aliandika pia saa: mchanganyiko uliumuka kwa dakika 50 siku ile ya joto. Akaandika kuwa sufuria lazima ipate moto na mafuta kabla ya kumimina, na kwamba makaa mengi hukaa juu ya mfuniko kuliko chini.

Alipojaribu peke yake, mkate ulibonyea katikati. Bibi aliutazama, akamwambia ameuacha uumuke kupita kiasi; mapovu yakianza kupasuka yenyewe, umechelewa. Neno hilo nalo likaandikwa. Mara ya tatu mkate ulisimama, na bibi akala kipande kimoja, akanyamaza kidogo, akasema, “Basi mkono wangu umeshautia katika karatasi.”

Sisi wawili tulikuwa mlangoni. Tulikuwa tukimfikiria dada yake bibi, rahimahallah, aliyefariki miaka miwili iliyopita. Visheti vyake vilikuwa vikisubiriwa na ukoo mzima kila Idi. Hakuna aliyeviandika. Kila mmoja wetu anaikumbuka ladha yake na hakuna hata mmoja anayeweza kuirudisha, ingawa wote tulikaa jikoni kwake. Kukaa karibu na mama hakukutosha. Tukakumbuka pia kuwa bibi siku hizi hainui sufuria kwa mkono mmoja kama zamani.

Tulipomuuliza binti amejifunza wapi kupima na kuandika namna ile, alijibu kwamba ni katika tovuti ile ile tuliyokuwa tukiigombea. Huko ndiko alikosoma kwamba unga upimwe kwa gramu, kwamba saa iandikwe, na kwamba pishi likiharibika ubadilishe jambo moja tu kabla ya kujaribu tena. Kati ya vyote tulivyovilipia, hicho ndicho kilichokuwa na thamani kubwa kuliko vyote, wala hakikuwamo katika orodha ya mapishi 214.

Tunayomshauri msomaji

Kutokana na yaliyotupata, tunaona familia inayotaka kulipia jarida au tovuti ya mapishi ifuate mambo haya.

Kwanza, ijulikane haja kabla ya fedha kutoka. “Nataka kujifunza mikate ya hamira” ni haja. “Huenda tukapata cha kupika” si haja. Aliye na haja ya kwanza alipe. Aliye na ya pili atumie ya bure, ambayo yanamtosha.

Pili, lipa kwa mwezi mmoja, si kwa mwaka, hata kama bei ya mwaka inaonekana nafuu. Dola 5 za mwezi mmoja ulioutumia ni rahisi kuliko dola 40 za mwaka ulioulala. Panga mapishi manne au matano utakayoyapika mwezi huo, uyapike, uyaandike katika daftari lako, kisha usitishe.

Tatu, soma masharti. Surat al-Maida inafunguliwa kwa amri ya kutimiza mikataba, na hatuwezi kutimiza tusichokisoma. Angalia kama usajili hujihuisha wenyewe, na usitishe siku ile ile unayojisajili ikiwa masharti yanaruhusu kuendelea kusoma hadi muda uishe. Usilipe kwa kadi ya mkopo ambayo deni lake huzaa riba. Kadi ya malipo ya mtandaoni inayofunguliwa kupitia huduma ya fedha ya simu inatosha, na ukiiwekea kiasi kinachohitajika tu, hakuna kitakachokatwa zaidi ya hicho.

Nne, neno la siri ni amana. Tovuti nyingine huruhusu watu wa nyumba moja kutumia usajili mmoja, na nyingine haziruhusu. Kuligawa neno hilo kwa kundi zima la simu la ukoo, ilhali masharti yanakataza, si ukarimu, kwa kuwa tunatoa kisicho chetu. Anayetaka kushirikiana na ndugu zake anunue kitabu au jarida la karatasi. Hilo likishakuwa lake, anaweza kuliazima kwa jirani, kumpa shemeji na kumrithisha mwanawe.

Tano, mwisho wa kila miezi mitatu hesabu sahani, wala usihesabu picha ulizozihifadhi. Ikiwa hakuna pishi jipya lililofika mezani, ada hiyo iachwe bila ugomvi.

Sita, nalo kwetu ndilo la kwanza kwa uzito: kabla ya kulipia mapishi ya mbali, chukua daftari na mizani uende kwa mama, bibi, shangazi au jirani mtu mzima aliye hai leo. Kisamvu chake, boko boko lake, achari yake, yote hayo hayauzwi popote. Mapishi ya mtandaoni yatakuwapo na mwakani. Ya bibi hatuna dhamana nayo.

Na kwa kina baba, mmoja wetu anaongeza hili kwa kujiambia mwenyewe kwanza. Imepokewa katika hadithi ya Abu Huraira, iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, hakupata kukitia chakula dosari. Akikipenda hula, asipokipenda hukiacha. Mwenye kula mwaka mzima bila kuuliza kilikotoka asianze kuuliza siku ya kulipa.

Kuhusu usajili wetu, tumesitisha kujihuisha kwake. Fedha za mwaka huu hazikurudi, hivyo tumekubaliana kuutumia mwaka uliobaki kwa mpango, pishi moja jipya kila mwezi, na binti ndiye mwenye daftari. Kikapu cha mama mjane hakikupungua. Binti alichangia kutoka katika oda zake bila kuombwa, na bibi akaongeza nazi mbili. Jioni ya kwanza ya Ramadhani kikapu kilitoka nyumbani kwetu kikiwa na tende, mchele na mkate wa kumimina uliofunikwa kwa kawa, ukiwa bado na joto.

Allah atujaalie riziki ya halali, matumizi ya wastani na umri wa wazee wetu wenye manufaa. Amin.